Ukiwa na Neno juu ya Mchungaji Wako

Mama yule alifika kwangu Jumapili saa tisa alasiri, bado amevaa sare ya kwaya, mkononi ameshika daftari lililofungwa kwa mpira wa njano. Wakati huo nilikuwa katibu wa baraza la wazee katika usharika ambao sitautaja. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alifungua daftari akaliweka mezani mbele yangu: tarehe, namba ya bahasha, kiasi. Ahadi ya ujenzi ya miaka mitatu, na hakuna mwezi alioruka.

"Mzee," akaniambia, "mimi ahadi yangu nimeimaliza tangu mwaka jana. Leo kwenye matangazo nimesomwa kwamba nadaiwa. Nikamfuata mweka hazina nimuulize, Baba Mchungaji akanidakia mbele ya watu kwamba nina roho ya uasi."

Naukumbuka mwandiko wa daftari lile kuliko sura za wazee wenzangu wengi, na sababu yake ni jibu nililompa. Nilimwambia, "Mama, tuombe. Mungu mwenyewe ataamua." Katika kabati nyuma ya kiti changu kulikuwa na katiba ya kanisa, yenye kipengele kinachoeleza msharika mwenye lalamiko aanzie wapi na aishie wapi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Sikumwonyesha. Nilimsindikiza hadi nje, akaenda zake na daftari lake, na mimi nikarudi kunywa chai.

Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote aliyesimama pale aliposimama mama yule. Nimekaa mezani pa wazee miaka mingi, na nimeona malalamiko mengi yakifa. Mengi hayakuwa ya uongo. Yalikufa kwa kuwa yalipitia mlango usio wake: yalianzia kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya, au yalimfikia askofu kabla anayelalamikiwa hajasikia hata neno moja, au yalizunguka saluni na misibani mpaka yakageuka umbea. Mengine, na haya ndiyo yanayoniumiza, yaliletwa kwetu wazee wakati yalitakiwa kupelekwa polisi siku ileile.

Kwanza kuna kizuizi ambacho huwarudisha watu kabla hawajafika mlango wowote. Ni ile kauli kwamba mtumishi wa Mungu haguswi. Wanaoitumia huitegemeza kwenye Zaburi ya 105 na kwenye habari za Daudi na Sauli. Basi tuisome habari hiyo mpaka mwisho. Katika 1 Samweli 24 Daudi amejificha pangoni kule En-gedi, Sauli anayemwinda anaingia pango lilelile bila kujua, na Daudi anakata upindo wa vazi lake badala ya kumuua. Anawakataza watu wake wasimdhuru mpakwa mafuta. Wahubiri wengi hufunga Biblia hapo. Lakini Daudi hakubaki pangoni. Alitoka, akamwita mfalme kwa sauti, akainama kwa heshima zote, kisha akamweleza waziwazi jinsi anavyomwonea, huku amekiinua kile kipande cha nguo kila mtu akione. Katika sura hiyo moja mna heshima, mna tuhuma iliyosemwa mchana kweupe, na mna kidhibiti mkononi.

Na kanisa la kwanza lenyewe lilipata mashemasi wake kutokana na lalamiko. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasimulia kwamba Wayahudi waliosema Kiyunani walinung'unika kuwa wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuuliza nani ameanzisha maneno. Waliita mkutano, wakawaambia watu wachague saba wenye sifa njema wasimamie kazi hiyo. Paulo naye, akimwandikia Timotheo, anasema shtaka dhidi ya mzee lisipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu. Mstari huo hutumiwa sana kuwanyamazisha watu, wakati maana yake ni kwamba shtaka dhidi ya mzee hupokelewa, na kuna utaratibu wa kulipokea. Mstari unaofuata unataka wanaoendelea kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote.

Kwa hiyo usiingie na hatia. Ingia na swali hili: lalamiko langu ni la aina gani?

Kuna mambo ya ladha na mazoea. Mchungaji anahubiri saa mbili, amebadilisha muda wa ibada ya kwanza, amempendelea kijana fulani kwenye kwaya. Hayo mwambie mwenyewe, kwa adabu, mkiwa wawili, na akikukatalia uvumilie au uhame usharika kwa amani. Usiyaandikie barua. Ofisi ya mkuu wa jimbo ikizoea kupokea barua kuhusu urefu wa mahubiri, barua ya kweli itakapofika itawekwa kwenye rundo lilelile.

Kuna mambo ya uongozi na fedha: mahesabu hayasomwi, kiwanja cha kanisa kimeuzwa bila kikao, uchaguzi wa wazee umepangwa chumbani, mtu ametengwa bila kusikilizwa. Haya ndiyo ya katiba, na nitayarudia kwa kirefu.

Na kuna jinai.

Hapo sina maneno ya kuzunguka. Kiongozi aliyemshika mtoto, aliyembaka mtu, aliyempiga muumini kwa kisingizio cha kumwombea, aliyeghushi hati, huyo si kesi ya baraza la wazee. Hatua ile ya Mathayo 18 ya kumwendea ndugu yako mkiwa wawili peke yenu haikuandikwa ili mtoto wa miaka kumi na mmoja apelekwe kwenye chumba cha mtu aliyemdhuru wakasameheane. Tanzania mpeleke kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, chukua fomu ya polisi ya PF3, muwahi hospitali kabla hajaoga wala kubadilisha nguo. Namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, Tanzania hata Kenya, na kwa Kenya ukatili wa kijinsia unaripotiwa pia kwa 1195. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa akijua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Wajibu huo haukomi mlangoni pa kanisa. Ukishafika polisi, ndipo umjulishe askofu kwa barua, na umwambie kwamba polisi wameshajulishwa.

Najua kinachowafanya watu wasite: jina la kanisa. "Tusilivue nguo kanisa mbele ya mataifa." Tazameni basi jina la kanisa hulindwaje kwa kunyamaza. Uingereza, wakili mmoja Mwanglikana aitwaye John Smyth aliwatesa kwa viboko vijana aliokutana nao kupitia kambi za Kikristo. Mwaka 1982 kasisi mmoja aliandika ripoti kuhusu mambo hayo. Watu wachache waliisoma, wakaamua isifike polisi. Miaka miwili baadaye Smyth alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine za vijana, na mwaka 1992 mvulana wa miaka 16 alikutwa amekufa katika bwawa la kuogelea la kambi yake. Baadaye akahamia Afrika Kusini, akafa mwaka 2018 bila kuhukumiwa. Uchunguzi uliotolewa Novemba 2024 ulikuta wavulana na vijana walioumizwa ni zaidi ya 100, na siku chache baadaye Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury, akatangaza kujiuzulu. Ripoti moja ilifungiwa kabatini, na mtu aliyetajwa ndani yake akavuka bahari akaja kukaa na watoto wa Kiafrika. Kila nikisikia neno "tuyamalize wenyewe kwa wenyewe" juu ya mtoto, namkumbuka mvulana yule.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki tunayo Shakahola, pwani ya Kenya. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye msitu ule wa Kilifi, ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie wanaodaiwa kufundishwa wafunge mpaka wafe. Mhubiri huyo alishafikishwa mahakamani mwaka 2017 kuhusu mafundisho yake na watoto waliotolewa shule. Dalili zilikuwapo miaka sita kabla ya makaburi. Mtu akikwambia kiongozi wake anakataza watoto shule, anakataza dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi, usiseme ni imani yake. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nenda kwa chifu, nenda polisi.

Sasa turudi kwenye fedha na uongozi, maana huko ndiko yaliko malalamiko mengi ya kila wiki.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: tafuta katiba ya kanisa lako kabla hujakasirika. Nina maana kitabu chenyewe, ukisome. Washarika wengi wamebatizwa, wamefunga ndoa na wamezika wazazi wao katika kanisa ambalo katiba yake hawajawahi kuiona jalada. Iombe kwa katibu, ulizia duka la vitabu la dayosisi, au azima kwa mzee wa usharika wa jirani. Ukiambiwa ni ya viongozi tu, hapo tayari una lalamiko la kwanza. Ukiipata, tafuta mambo manne: nani anaitisha mkutano mkuu na kwa muda gani, nani anakagua hesabu, nani anamwajiri na kumhamisha mchungaji, na rufaa inakwenda wapi.

Majibu hayafanani. Katika KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, njia inapanda kutoka mtaa na usharika hadi jimbo, kisha dayosisi. Wapresbiteri wana baraza la wazee, presbiteri, halafu Mkutano Mkuu, na mchungaji anawajibika kwa presbiteri, kwa hiyo ukienda kushtaki kwa wazee pekee wanaweza kukusikiliza kwa huruma nyingi na bado wasiwe na mamlaka. Wasabato wana Mwongozo wa Kanisa, na juu ya kanisa mahalia ipo konferensi, kisha yunioni. Kila mmoja aulize ngazi ya juu ya kwake inaitwaje, nani anaishika, na ofisi yake iko wapi.

Wakatoliki mara nyingi huniambia kwamba kwao mlei hana sauti. Sheria yao wenyewe inasema vingine. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 212, inawapa waamini haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao juu ya mambo yanayohusu mema ya Kanisa. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la fedha, na ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali watoe hesabu kwa waamini ya kile ambacho waamini wamekitoa. Mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo anayesimama kwenye halmashauri ya walei na kuuliza taarifa ya baraza la fedha iko wapi anatumia sheria ya Roma, wala hajaleta siasa kanisani. Hatua zinazofuata ni paroko, kisha askofu. Askofu naye akitoa uamuzi rasmi unaokuumiza, unazo siku 10 za kumwomba aubadilishe, na akikataa, siku 15 za kupeleka rufaa Vatikani. Siku hizo ni chache, na watu wengi huzimalizia kwenye kulia. Kwa udhalilishaji wa kingono kuna utaratibu wa pekee ambao Papa Fransisko aliutoa mwaka 2019 na kuuimarisha mwaka 2023: kila jimbo liwe na mahali panapofikika pa kupokea taarifa, na anayetoa taarifa asilazimishwe kunyamaza. Jimbo lako likiwa halina mahali hapo, ulizia kwa maandishi.

Ugumu mkubwa uko kwenye makanisa yasiyo na ngazi. Mchungaji kiongozi ndiye mwanzilishi, ndiye askofu, mkewe ni mweka hazina, shemeji yake ni katibu, na kiwanja kiko kwa jina lake. Utamshtakia kwa nani? Hapo kumbuka kwamba kanisa hilo, kama ni halali, limesajiliwa mahali. Tanzania ni kwa Msajili aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na bodi ya wadhamini husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Katiba yake iko kwenye jalada huko, na majina ya wadhamini pia. Kenya kuna Msajili wa Vyama, na Sheria ya Vyama, Sura 108, inataka katiba ya chama ieleze haki ya wanachama kukagua vitabu. Andika kwa wadhamini kwanza, kila mmoja kwa jina lake. Wadhamini wengi walipewa cheo hicho kama heshima tu, wakasaini na kusahau, na hushtuka sana wanapokumbushwa kwa barua kwamba mali ile kisheria iko mikononi mwao. Mara nyingine kushtuka kwao kunatosha.

Mahakama? Inawezekana, ila iwe mwisho. Majaji wetu hawapendi kuamua nani ahubiri na nani asihubiri, na karibu kila mara watakuuliza kama umemaliza njia za ndani ya katiba. Barua zako za awali ndizo zitakazojibu swali hilo.

Tuje kwenye barua yenyewe, maana hapo ndipo nimeona watu wenye haki wakijiangusha. Niliwahi kupokea barua ya kurasa nane. Ilianza na Mwanzo sura ya kwanza, ikapita kwa Farao, ikamwita mchungaji nyoka mara tatu, na katikati ya ukurasa wa sita, ndani ya mabano, ilitaja kwamba hundi ya kanisa ilikuwa imesainiwa na mtu mmoja badala ya wawili. Hilo la hundi lilikuwa zito kuliko kurasa zote. Wazee walisoma ukurasa wa kwanza wakaiweka chini.

Andika ukurasa mmoja. Usiandike "Mchungaji anakula pesa za ujenzi na kila mtu anajua." Andika hivi: "Katika matangazo ya Jumapili tarehe 12 Machi tuliambiwa michango ya ujenzi imefikia shilingi milioni 18. Taarifa iliyosomwa tarehe 4 Juni ilitaja salio la milioni 11, na matumizi yaliyoelezwa ni milioni 2. Naomba baraza litueleze milioni 5 zilizobaki ziko wapi." Sentensi ya kwanza mchungaji anaweza kuijibu kwa kusema umechafuka moyo. Ya pili hana la kuijibu ila namba. Tena ile ya pili inamwachia nafasi ya kuwa mkweli, kwa sababu huenda milioni 5 zipo. Katika baraza letu tuliwahi kumshuku mzee mwenzetu kwamba ameuza mifuko ya saruji, watu wakamkwepa mwezi mzima. Mifuko ilikuwa stoo kwa jirani, yenye risiti na sahihi, imewekwa huko isinyeshewe na mvua. Tulimwomba radhi, lakini mke wake hakurudi tena kwenye umoja wa wanawake. Ulizeni kabla ya kuhukumu, kwa kuwa wachungaji nao husingiziwa, hasa aliyekuja kutoka kabila jingine au aliyegusa ulaji wa watu.

Kwenye barua weka "Yah:" iliyo wazi, eleza kilichotokea na tarehe, taja kipengele cha katiba, sema unachoomba, na toa muda wa kujibiwa, tuseme siku 30. Unachoomba kiwe kitu kinachoweza kufanyika: hesabu zisomwe, mkutano uitishwe, mkaguzi aletwe, kauli irekebishwe. "Tunataka haki itendeke" hakuna kikao kinachoweza kuiandika kwenye muhtasari. Ambatisha nakala za stakabadhi, ujumbe wa M-Pesa, karatasi ya benki, picha, na nakala halisi zibaki kwako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba lalamiko nalo ni mali.

Anwani nayo ina akili yake. Katika makanisa mengi mchungaji ndiye mwenyekiti wa baraza. Ukimwandikia mwenyekiti lalamiko dhidi ya mwenyekiti, umempa mkononi mwake. Mwandikie, ndiyo, ni haki yake kujua, lakini weka nakala kwa makamu mwenyekiti na kwa ngazi inayofuata, na uombe ndani ya barua kwamba ajenda hiyo ikifika kiti kishikwe na mtu mwingine. Ipeleke mwenyewe, isainiwe kwenye dispachi au igongwe muhuri kwenye nakala yako. Na usikubali kuambiwa italetwa kwenye "mengineyo". Mengineyo hufika saa nane mchana, watu wanatazama mlango, wanawaza chakula. Omba iwe ajenda yenye namba.

Simu iache pembeni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inatia hatiani anayesambaza taarifa za uongo, Kenya nao wana ya kwao ya mwaka 2018, na ujumbe wa sauti uliourekodi usiku ukiwa na hasira utafika kwa watu usiowajua kabla hujaamka. Nimeona mlalamikaji mwenye haki kamili akageuzwa mshtakiwa kwa sababu ya sentensi mbili kwenye grupu. Baada ya hapo hakuna aliyezungumza tena habari za kiwanja kilichouzwa. Kikao chote kilikuwa cha kujadili matusi yake.

Ukiitwa kwenye kikao, usiende peke yako. Chukua wawili wanaojua jambo hilo kwa macho yao, si waliolisikia kwako. Mwanamke asikubali kuitwa ofisini kwa mchungaji jioni "tuongee kwa upole". Aseme atakuja mchana, na dada yake au mama mmoja wa kwaya. Ndani ya kikao msalimie kila mtu kwa heshima yake, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, mwite Baba Mchungaji hata kama amekuumiza, na useme yaliyo kwenye barua tu. Mtu mmoja wenu aandike nani amesema nini. Kabla ya kutoka uliza: "Tumekubaliana nini, na nani atafanya, na lini?"

Na hofu ipo, wala sitaipuuza. Kwa Mwafrika Mkristo hofu yenyewe ni moja na ina jina: nani atanizika? Nimewaona wazee wenye ujasiri wa simba wakirudisha barua mfukoni kwa sababu ya swali hilo. Mtu anaogopa kwamba mtoto wake hatapata kipaimara, binti yake atanyimwa ndoa, na siku akifa mchungaji atakataa kuingia nyumbani, jeneza libaki uani huku wanaukoo wakitazamana. Vitisho hivyo vinatolewa kweli, wakati mwingine madhabahuni. Ukitishiwa, andika tarehe, maneno yenyewe na waliokuwapo, kisha upeleke kama lalamiko la pili, kwa sababu katika makanisa yenye katiba mtu hatengwi kwa neno la mtu mmoja. Pana kikao, pana kusikilizwa, pana rufaa. Endelea kuhudhuria ibada. Endelea kutoa sadaka yako ya kawaida na kuihifadhi stakabadhi, ili asiwepo wa kusema umejitenga mwenyewe. Mchango wa ujenzi ambao hesabu yake haijasomwa, huo mimi ningeusimamisha, na ningesema hivyo kwa maandishi. Na familia yako ijue kila hatua, maana mwenzi wa ndoa anayeshtukizwa sokoni huwa wa kwanza kukuambia uache.

Mama wa daftari hakuacha. Wiki sita baada ya mimi kumrudisha na maombi alikuja tena, safari hii kwenye kikao, na wanakwaya wawili waliokuwa wamesimama karibu siku ile alipoitwa mwasi. Katiba alikuwa ameazima kwa mzee wa usharika wa jirani, ina vipande vya gazeti kwenye kurasa alizozitaka. Barua yake ilikuwa na aya tatu. Tulileta vitabu vya mweka hazina mezani, na ndani ya nusu saa tukaona: michango yake ya mwaka mzima ilikuwa imeandikwa kwenye bahasha namba 134, na yake ni 143. Hakukuwa na wizi. Kulikuwa na mkono uliochoka, na kulikuwa na mchungaji aliyejibu swali la namba kwa neno la uasi. Palepale wazee wakajiuliza ni bahasha ngapi nyingine zimechanganywa, na ukaguzi wa hesabu za ujenzi ukaanza. Ulituchukua miezi saba, na haukuwa na matokeo mazuri kwa kila mtu.

Baba Mchungaji alimwomba radhi ndani ya kikao, kwa unyenyekevu ambao sikuutegemea. Mama akaipokea. Kisha akasema, "Baba, nimesamehe. Lakini mimi niliitwa mwasi pale mbele."

Jumapili iliyofuata mimi ndiye niliyesoma matangazo. Nilisoma namba ya bahasha, kiasi, na kwamba ahadi ilikamilika mwaka uliopita na kosa lilikuwa la ofisi. Mchungaji akasimama baada yangu akayasema ya kwake, maneno machache, kanisa kimya. Mama alikuwa mstari wa pili wa sauti ya kwanza. Alifungua daftari juu ya kitabu cha nyimbo, akatafuta kalamu kwenye pochi, akaandika tarehe.